Kibuyu, Chupa na Leseni: Nani Aulinde Mpaka wa Pombe Pwani?

Katikati ya miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin aliishi na Wagiriama wa Kaloleni akiuchunguza uchumi wa minazi. Kitabu chake, Palms, Wine and Witnesses, kilichotoka mwaka 1972, kina kisa ambacho kila mtunga sera ya pombe nchini Kenya angefaa akisome. Vijana wachapakazi, waliokuwa wakinunua minazi na vipande vya mashamba ya majirani zao, walikuwa wakiugua. Ramli ikipigwa, jibu lilikuwa pepo, tena pepo wa Kiislamu, wasiotaka tembo, yaani pombe ya mnazi, wala nyama ambayo haikuchinjwa kihalali. Tiba yake ilikuwa kuishi kama Mwislamu. Mgonjwa alipata nafuu, na kuanzia hapo hakuketi tena penye kibuyu pamoja na wazee.

Alichokiona Parkin ni kwamba maradhi hayo yaliwafungulia vijana njia ya heshima ya kutoka katika gharama kubwa. Mwenye minazi mingi alitarajiwa kuwanywesha wenzake. Akikataa bila sababu alionekana mchoyo, na mchoyo aliyetajirika upesi hakuwa mbali na tuhuma za uchawi. Hata hivyo vijana hao hawakuweza kuwapa wazee kisogo. Minazi iliuzwa bila hati, na ushahidi wa mauzo ulikaa vichwani mwa wazee waliokuwapo siku ya mapatano. Kijana aliweza kuliacha tembo, lakini hakuweza kuwaacha mashahidi.

Kumbe pwani ya Kilifi na Malindi haikulingojea Bunge wala Shirika la Afya Duniani ndipo iwe na sera ya pombe. Ilikuwa nazo kadhaa, zikiishi ubavu kwa ubavu, na mtu aliweza kuhama kutoka moja hadi nyingine maisha yalipomlazimu. Kila moja ilikuwa na jibu lake kuhusu nani anywe, lini, mbele ya nani, na nani afaidike. Katika uhakiki huu nazilinganisha nne: desturi ya Wamijikenda (ambao Wagiriama na Warabai ni miongoni mwao), sheria ya Kiislamu ya miji ya Waswahili, Ukristo wa misheni na wa wokovu, na sheria ya serikali ambayo siku hizi haitembei bila kiwanda pembeni. Nazipima zote kwa swali moja: je, yule anayeulinda mpaka wa pombe anapata nini pombe ikiuzwa?

Kibuyu na wazee

Tembo la mnazi lina ratiba yake. Mgema hupanda alfajiri na jioni, akalikata karara kwa kotama na kuteremsha utomvu mtamu ambao kilevi chake ni kidogo mno. Hamira ya asili haipotezi wakati. Baada ya saa chache utomvu umekuwa tembo, kesho yake ni kali, na siku chache baadaye ni siki. Kabla ya lori na pikipiki, kinywaji hicho hakikuweza kurundikwa ghalani wala kupelekwa mbali sana. Aliyekunywa alimjua aliyegema. Hata methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji ni lalamiko la mteja anayemfahamu muuzaji kwa jina, na ajuaye wapi pa kumpata kesho. Methali hiyo hunenwa pia na watu ambao dini haijawaruhusu kulionja tembo lenyewe, jambo linaloonyesha jinsi majirani hawa walivyojuana.

Juu ya mpaka huo wa maumbile, Wamijikenda waliweka wa kijamii. Tembo lilikuwa kinywaji cha shughuli. Kadzama ya tembo ilitangulia mazungumzo ya posa na maombi kwa wazee. Koma, yaani roho za mababu, walimiminiwa kabla walio hai hawajaonja. Matanga hayakukamilika bila mitungi. Mwanahistoria Thomas Herlehy ameandika jinsi tembo la Rabai lilivyoingia katika undugu wa kuchanjiana uliowaunganisha Warabai na majirani na wafanyabiashara katika karne ya 19. Kinywaji kilikwenda pamoja na kiapo, na kiapo kilikuwa na mashahidi.

Tusiipake desturi hiyo sukari. Ulikuwa utaratibu wa wazee wa kiume, na waliofaidika kwanza walikuwa wazee wa kiume. Mwanamke alibeba mtungi kuliko alivyoketi penye mrija, na kijana alisubiri mvi. Mzee mlevi alikuwa mlevi tu, na watoto wake walilala njaa kama wa mlevi mwingine yeyote. Ini halibagui kinywaji cha jadi na cha kiwandani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vileo vyote katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, wala halikuweka msamaha kwa kinywaji cha mababu.

Lakini kwa kipimo chetu, desturi hiyo ilikuwa na sifa moja. Mzee aliyesema fulani bado hajafikia umri wa kunywa, au leo si siku ya kunywa, hakupoteza senti kwa kusema hivyo. Alikuwa mnywaji, pengine mnywaji mkubwa, lakini hakuwa mchuuzi. Hakuna mzee aliyetajirika kwa kumzidishia mpwa wake kata ya tatu.

Leo mnazi, jina jingine la tembo, huteremka mtini ukaingia kwenye dumu la plastiki, ukapanda bodaboda hadi mangweni, yaani vilabuni, na huko anayeamua nani anywe ni mfuko wa mnywaji. Hilo halikuletwa na uovu wa wagema. Mgema anahitaji unga na karo kama mtu mwingine, na katika Kaunti ya Kilifi, ambayo pamoja na Kwale ndiyo kitovu cha minazi ya Kenya, kugema humpa mkulima pesa za kila siku wakati nazi humlipa mara chache kwa mwaka. Kilichobadilika ni msimamizi. Tazama disko matanga. Hanga la zamani, yaani mkesha wa msiba, lilikuwa na usiku, ngoma na tembo, na wazee walikuwapo. Disko matanga ina usiku, muziki na pombe, pamoja na sanduku la kuchangisha pesa za mazishi. Maafisa wa utawala Kilifi wameipiga marufuku mara nyingi wakiihusisha na mimba za wasichana wa shule. Marufuku yao haidumu, kwa sababu inamfukuza mpiga muziki bila kuwarudisha wasimamizi, na bila kuipa familia maskini njia nyingine ya kumzika mtu wake.

Haramu inayomfuata hadi mfanyabiashara

Ukitoka Kaloleni ukateremka hadi Takaungu, Malindi au Mambrui, unaingia katika sera nyingine kabisa. Katika Uislamu mvinyo ulikatazwa hatua kwa hatua. Aya ya sura ya al-Baqara inakiri kwamba ulevi una manufaa kwa watu, kisha inasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Aya ya an-Nisaa inamzuia mlevi asiikaribie sala. Mwisho al-Maida inaamuru uepukwe kabisa. Mpangilio huo utamvutia hata mtu wa afya ya umma asiye Mwislamu: faida inatajwa bila kufichwa, hasara inapimwa kando yake, watu wanapewa muda wa kuacha mazoea, ndipo mlango unafungwa.

Lenye uzito zaidi kwa hoja yangu liko katika hadithi mashuhuri inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo anayeikamua na anayekamuliwa, anayeibeba na anayebebewa, anayeiuza, anayeinunua na anayekula thamani yake. Ndiyo kusema mnyororo mzima umewekwa hatiani, tangu shambani hadi faida inapoliwa. Wataalamu wa afya walichelewa sana kuanza kuyachunguza makampuni kama chanzo cha maradhi. Mwanazuoni wa Lamu au Mambrui alifundisha jambo la jinsi hiyo darasani bila kuhitaji istilahi mpya.

Katika miji hii katazo lilifanya kazi kwa kuifanya pombe isionekane kuliko kwa kiboko. Pombe haikutangazwa, haikuwekwa mbele ya wageni, haikuchangiwa arusini. Mnywaji alikuwapo, na kila mtaa ulimjua wake, lakini ilimbidi apite uchochoroni. Shirika la Afya Duniani linapozihimiza serikali kupunguza upatikanaji, kuzuia matangazo na kupandisha bei, mambo mawili ya kwanza mji wa Waswahili uliyajua kwa mazoea yake wenyewe.

Nao ulikuwa na udhaifu wake. Aibu inayomzuia kijana asianze ndiyo hiyo hiyo inayomzuia aliyezama asiombe msaada. Malindi iliujua ukweli huo kwa uchungu kupitia heroini. The Omari Project, shirika lililoanzishwa mjini humo katika miaka ya 1990 kuwahudumia waathirika, liliifanya kazi ambayo familia nyingi zilikuwa zikiikimbia, yaani kusema hadharani kwamba mtoto wa nyumba njema anaweza kuwa mraibu na kwamba anatibika.

Kisha kuna hoteli. Mji ambao madrasa zake zinafundisha hadithi ya watu kumi unaishi kwa sehemu kubwa kwa watalii, Waitaliano wakiwa mbele kwa miongo mingi, na baa ya hoteli haina saa ya adhana. Kijana Mwislamu anayebeba trei hapo anafahamu vizuri yuko nafasi gani katika orodha ile. Unguja ina mvutano huo kwa kiwango cha dola. Januari 2024, uhaba wa pombe mahotelini ulipotikisa utalii wa Zanzibar, waziri wa utalii Simai Mohammed Said alijiuzulu katika siku hizo hizo. Katika nchi ambayo idadi kubwa ya raia dini yao inakataza pombe, kukosekana kwa pombe kukawa habari ya uchumi wa taifa. Sheria ya dini inaweza kumlaani anayekula thamani ya pombe. Haijawa na jibu jepesi pale anayeila ni bajeti ya serikali.

Ushuhuda wa aliyeokoka

Wamisionari walifika mapema katika ukanda huu. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliweka kituo Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakafuata Ribe mwaka 1862. Walilikuta tembo kila mahali penye maana: penye koma, penye ndoa, penye kesi. Kwa hiyo kuliacha tembo ilikuwa zaidi ya kuacha kilevi. Ilikuwa kujitoa katika mduara wa wazee na katika meza ya waliokufa. Madhehebu hayakukubaliana, wala hayakubaliani leo: Mkatoliki huipokea divai altareni, ilhali Mpentekoste wa Ganze au Magarini huhesabu chupa moja kuwa ni kurudi nyuma.

Makanisa ya wokovu ndiyo yamekuwa na nguvu zaidi katika suala hili, na siri yake ni ushuhuda. Mtu husimama mbele ya kusanyiko akasema nilikuwa hivi, leo niko hivi, na tangu siku hiyo ana macho mia yanayomtazama. Wanawake wengi wameutumia mlango huo kwa busara. Mume akiokoka, pesa za samaki au za mjengo zinafika nyumbani. Hakuna ofisi ya serikali inayompa mke uwezo wa namna hiyo juu ya mshahara wa mume.

Hata hivyo ushuhuda humsimamisha mtu mmoja. Mlevi anatubu, kampuni haiitwi mbele. Na hapo ndipo mafundisho ya kanisa yalipopata mrithi asiyetarajiwa. Makampuni ya pombe yamelichukua lile wazo kwamba kosa liko katika nafsi ya mnywaji, yakaacha lile la kujitenga na kinywaji, yakatoa wito wa kunywa kwa uwajibikaji. Diageo, iliyopandisha hisa zake katika East African Breweries hadi asilimia 65 mwaka 2023, ina mpango wake wa elimu ya unywaji uitwao DRINKiQ. Mhubiri humwambia mlevi aache. Kampuni humwambia aendelee, ila ajilaumu mwenyewe mambo yakiharibika.

Chupa, kodi na leseni

Tofauti kubwa kati ya sera ya dola na zile tatu zilizotangulia ni kwamba dola tangu mwanzo ilikuwa na mkono mmoja katika kuzuia na mwingine katika kupokea. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali za Ulaya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, na Waafrika wa Kenya waliendelea kukatazwa kuzinunua kwa sehemu kubwa ya ukoloni, huku mlowezi akinywa atakavyo. Wakati huo huo, Nairobi ya miaka ya 1920 iliiga mtindo wa Durban: manispaa ikajipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe, na faida ikagharimia huduma zao. Mwafrika alijengewa mji wake kwa kunywa kwake. Mwaka 1922 ndugu wa ukoo wa Hurst wakaanzisha Kenya Breweries, kampuni ambayo baadaye ingekuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa taifa.

Baada ya uhuru adui rasmi alikuwa kinywaji kisicho na chupa. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku chang'aa, na ikadumu miaka 30 bila kuimaliza. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliifuta ile ya 1980, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango, ikakataza vifuko, ikaweka masafa kutoka shuleni, na ikaamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Ilikuwa sheria nzuri kwa mengi. Lakini itazame kutoka juu ya mnazi. Tembo la alfajiri likingoja hadi saa kumi na moja jioni limeshakuwa kali. Saa za sheria ni saa za chupa, kwa sababu chupa inaweza kungoja. Mgema analazimika kuchagua kati ya kuuza mchana kwa kuvunja sheria na kuuza jioni kinywaji kilicho kikali kuliko alichokiteremsha. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na hapo Kilifi ingeweza kuurekebisha mwendo huo. Badala yake leseni, Kilifi kama kwingineko, imekuwa pia chanzo cha mapato. Afisa anayepaswa kukataa baa ya kumi mtaani anafanyia kazi ofisi inayohesabu ada ya hiyo ya kumi.

Mfano mzuri zaidi wa jinsi kiwanda kinavyoishika kalamu ya sera ni Senator Keg. East African Breweries iliizindua mwaka 2004 kama bia ya pipa ya bei nafuu, na serikali ikaisamehe ushuru kwa hoja kwamba itawavuta maskini kutoka kwenye pombe haramu zinazoua. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho kisha kuua. Mwaka 2013 serikali ilipoitoza bia hiyo nusu ya ushuru wa kawaida, mauzo yaliporomoka, kilio kikapanda, na mwaka 2015 msamaha mkubwa ukarudi. Vifo vya pombe haramu vilivyotokea katikati, Mei 2014, vikawa ushahidi mkononi mwa kampuni.

Tazama kilichofanyika hapo. Madhara ya pombe yalifafanuliwa kuwa ni madhara ya pombe haramu, na mara tu ukikubali ufafanuzi huo, dawa yake inakuwa pombe halali, tena iliyo rahisi zaidi. Methanoli inaua kwa siku mbili, na picha zake huingia magazetini. Ethanoli ya kawaida, yenye nembo ya ubora, inaua kwa miaka kupitia ini, saratani, ajali na ngumi za nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe duniani mwaka 2019, na haikuwa kazi ya methanoli. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 uliwakuta Wakenya milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65, yaani asilimia 12.2, wakiwa wanatumia pombe, na Pwani ikawa ya pili kwa asilimia 13.9, nyuma ya Magharibi. Hakuna msamaha wa ushuru uliotolewa kwa ajili ya hawa.

Kuna jambo lililo wazi zaidi, na lilitokea kwa jirani. Mwaka 2010 Øystein Bakke na Dag Endal walichapisha katika jarida la Addiction uchunguzi wa rasimu za sera za pombe za Uganda, Malawi, Lesotho na Botswana. Rasimu hizo nne zilifanana karibu neno kwa neno, na faili lake la kompyuta lilionyesha kwamba lilianzia kwa afisa wa kampuni ya bia ya SABMiller. Nchi nne huru, zenye bunge na wizara za afya, zilikuwa zikiandaa sera moja iliyoandikwa na muuzaji. Si ajabu kwamba sera hiyo ilisisitiza ushirikiano na sekta ya pombe na kujidhibiti kwa hiari, huku ikizipita kimyakimya bei na vikwazo vya uuzaji. Wakati huo huo upande wa burudani haukulala. Kenya ilikuwa na Tusker FC uwanjani, na kuanzia mwaka 2006 Tusker Project Fame sebuleni, shindano la vipaji vya muziki lililofuatwa na vijana wa Afrika Mashariki likiwa na jina la bia.

Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa baada ya kunywa pombe ya sumu. Uchunguzi uliofuata uliwaangukia maafisa wa polisi wenyewe, kwani ilidaiwa kwamba kinywaji hicho kilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka katika kituo cha polisi cha Kiamaciri na kurudi sokoni. Mlinzi wa mpaka ndiye aliyedaiwa kuwa ameuza. Serikali ilijibu kwa hatua nyingi za kufunga viwanda na kukagua leseni. Julai 2025 ikazindua sera mpya ya kitaifa iliyopendekeza umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21 na uuzaji wa mitandaoni uzuiwe. Wazalishaji wakapinga, na serikali ikakimbilia kueleza kwamba hiyo ni sera tu, bado haijawa sheria.

Ng'ambo ya bahari

Kabla ya kuhukumu, tuvuke Bahari ya Hindi hadi Kerala, pwani nyingine ya minazi ambako Waislamu, Wakristo na Wahindu wamekaa pamoja kwa karne nyingi. Huko tabaka la Waezhava, wagema wa jadi, lilimtoa Narayana Guru, mwalimu aliyewaambia watu wake mwaka 1921 wasitengeneze pombe, wasiuze, wasinywe. Kwa mtu aliyezaliwa kati ya wagema hilo lilikuwa tangazo kuhusu riziki ya jamii yake, na linakumbusha ile hadithi ya watu kumi kwa jinsi linavyomshika mtengenezaji na muuzaji kabla ya mnywaji. Mwaka 1996 serikali ya A. K. Antony iliipiga marufuku araki, na mwaka 2014 serikali ya Oommen Chandy ikaanza kufunga baa zote zisizo za hoteli za nyota tano. Tembo la mnazi liliachwa. Kerala inalitenga na vileo vingine, na tangu mwaka 1969 ina sheria ya mfuko wa ustawi wa wagema.

Kufikia hapo Kerala inaonekana kuwa na kila tunachokikosa. Lakini muuzaji mkuu wa pombe kali Kerala ni shirika la serikali yenyewe, lililoundwa mwaka 1984, na bajeti ya jimbo huliegemea. Mwaka 2017 serikali mpya ilizifungulia tena baa nyingi, hoja ya utalii ikiwa mbele. Kumfukuza mfanyabiashara binafsi hakukuondoa maslahi. Kuliyahamishia hazina. Gothenburg ya Uswidi ilishajifunza hilo katika karne ya 19: kuanzia mwaka 1865 uuzaji wa pombe kali ulipewa kampuni ambayo wasimamizi wake hawakufaidika na mauzo, jambo la busara kubwa, lakini ziada ilipokwenda kwa mji, mji nao ukaanza kuizoea. Mtindo huo wa ziada kwenda kwa mji ndio uliopita Durban, ukabadilishwa rangi, ukafika Nairobi.

Mpaka bila mchuuzi

Ulinganisho huu haunipeleki kwenye kuirudisha enzi ya wazee, wala kuifanya Kilifi nzima iishi kwa fiqhi ya Malindi, wala kungoja kila mnywaji aokoke. Kaunti hii ni ya wote hao, pamoja na mtalii na mwenye baa. Lakini desturi tatu zisizokubaliana juu ya Mungu, juu ya wafu na juu ya tembo lenyewe zinakubaliana juu ya jambo moja ambalo sheria ya dola imelikosa: anayesema basi asiwe anayehesabu mauzo. Mzee hakuwa mchuuzi. Mwanazuoni alimlaani anayekula thamani ya pombe, basi hakuweza kuila. Kusanyiko linalosikiliza ushuhuda halipungukiwi kitu mlevi akiacha.

Hilo linaweza kuandikwa katika sheria ya kaunti bila kumuudhi mtu wa imani yoyote. Kamati ya leseni na iwe mbali na idara ya mapato, na ada yake ikusanywe na mkono mwingine. Wakae humo muuguzi wa zahanati, mwalimu, mzee wa kaya, imamu, mchungaji na wanawake wa vikundi vya akiba, kila mmoja akitangaza hadharani kwamba hana hisa, nyumba wala ndugu katika biashara ya baa. Kampuni ya pombe iitwe kutoa maoni kama mtu mwingine yeyote, barua zake zibandikwe mahali zinaposomeka, na isipewe rasimu kuiandika. Ushuru ufuate kiasi cha kilevi, ili bia ya pipa isiwe na upendeleo kwa sababu ya jina la maskini.

Mnazi nao upewe sura yake ya sheria, kwa vyama vya ushirika vya wagema, usafi unaokaguliwa, saa zinazolingana na mti, na marufuku ya kuuchanganya na kitu chochote. Wanaoutetea kama urithi wana haki, ila urithi huo ulikuja na masharti: siku zake, umri wake na mashahidi wake. Mangwe linalofunguliwa kwa mtoto wa shule saa nne asubuhi halirithi chochote kutoka makazi ya mababu ya Kaya Rabai au Kaya Giriama. Mwanasiasa anayesimama jukwaani kuutetea mnazi dhidi ya polisi, kisha akakataa kugusa suala la umri na saa, anawatetea wapiga kura wake kwa nusu.

Watakuwapo watakaosema kamati kama hiyo itahongwa. Huenda ikahongwa, kama vile wazee walivyoweza kulainishwa kwa kibuyu kikubwa zaidi. Tofauti ni kwamba rushwa ni kosa linaloweza kutajwa na kushtakiwa, ilhali kaunti inayopima mafanikio ya idara ya leseni kwa shilingi ilizoleta haijavunja sheria yoyote. Imeuza ulinzi wake kihalali, kwa bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti mbele ya kamera. Hapo ndipo pa kuanzia. Mswada wowote wa vileo utakaoletwa Kilifi, wajumbe wauanzie kwenye kifungu kinachoeleza pesa za leseni zinakwenda wapi na nani ana mamlaka ya kukataa maombi. Kifungu hicho kikiitaja ofisi moja kwa kazi zote mbili, saa za kufungua baa na umri wa mnywaji vitajadiliwa bure.